Walia: Mbuzi Mwenye Mlima Mmoja

Tarehe 16 Novemba 2024 Taifa Stars wa Tanzania walikuwa Kinshasa, katika uwanja wa Stade des Martyrs, wakisaka tiketi ya fainali za AFCON mbele ya Ethiopia. Simon Msuva alifunga, Feisal Salum akaongeza, mechi ikaisha 2-0. Mwenyeji siku hiyo alikuwa Ethiopia, ingawa naye alikuwa ugenini vilevile: hakuwa na uwanja wa nyumbani unaokidhi masharti ya CAF, ikabidi aazime wa Wakongo. Wapenzi wa soka wa Afrika Mashariki wanaijua timu hiyo kwa jina lake la utani, Walia. Jina hilo liko midomoni mwa watangazaji, liko kwenye chupa za bia, na linavuka mipaka kila timu inaposafiri. Mwenye jina hajapata kutoka mkoani kwake.

Walia ni mbuzi pori. Wataalamu humwita Capra walie, na aliyemwandika kwanza katika vitabu vya sayansi, mwaka 1835, ni Mjerumani Eduard Rüppell, msafiri aliyepita Uhabeshi akikusanya wanyama na ndege kwa ajili ya makumbusho ya Frankfurt. Bila shaka wenyeji walikuwa wakimjua, na kumla, karne nyingi kabla Rüppell hajafika. Ndugu zake wametawanyika mbali: wako milima ya Alps, Hispania, Caucasus, Asia ya Kati, na majabali makavu ya Sinai na Arabuni. Yeye ndiye aliyeshuka kusini kuliko wote. Kuanzia Simien kwenda kusini hadi Rasi ya Tumaini Jema, hakuna mbuzi pori mwingine. Yule mbuzi mawe anayerukaruka kwenye vilima vya miamba vya Serengeti na Tsavo ni paa mdogo aliyebandikwa jina la mbuzi kwa sababu ya tabia zake.

Simien iko kaskazini mwa Ethiopia, katika mkoa wa Amhara, mwendo wa kilomita kama 100 kutoka Gondar, mji wa kale wenye ngome za wafalme. Mji wa mlangoni unaitwa Debark. Kutoka hapo barabara ya changarawe inapanda, inapita Sankaber, inafika Chenek, kisha inavuka mlima Bwahit na kuendelea kwa watu wa Janamora. Juu ni uwanda wa nyasi na lobelia ndefu kupita mtu, jamii ya zile wanazozijua waliopanda Kilimanjaro au Mlima Kenya. Mtu anatembea katika nyasi hizo akidhani yuko malishoni tu, halafu ardhi inakatika mbele yake. Genge linashuka hata mita 1,500, na chini kabisa mashamba na vijiji vinaonekana kama vimechorwa. Ardhi hii yote ilikuwa lava iliyomwagika mamilioni ya miaka iliyopita. Mvua ndiyo iliyoichonga, na bado inaichonga.

Walia anaishi pale ardhi inapokatika. Hakai sana uwandani, wala hashuki mpaka bondeni. Makazi yake ni vile vishubaka vya nyasi na vichaka vya erika vilivyoshikilia ukuta wa mwamba, kati ya mita 2,500 na 4,500 juu ya usawa wa bahari. Chini kuna wakulima na joto. Juu kuna wachungaji na mbwa wao. Katikati ni ukanda mwembamba uliosimama wima, na huo ndio ulimwengu mzima wa spishi hii.

Chenek, kambi iliyo juu ya mita 3,600, ndipo mahali rahisi zaidi pa kumwona. Usiku huko maji huganda ndooni. Jua la asubuhi linapoupiga mwamba, mabeberu hupanda polepole kutoka walikolala, mmoja nyuma ya mwingine, bila haraka. Beberu mzima ana kilo 80 hadi 125. Manyoya ya mgongoni ni ya kahawia iliyokolea, tumbo jeupe, na miguu ya mbele ina mistari myeusi na myeupe mfano wa soksi zilizoshuka. Ndevu zake ni nyeusi, ndefu. Lakini jicho la mtu huishia kwenye pembe: nene kama mkono wa mpagazi, zenye mafundo mbele, zimepinda nyuma hadi karibu ziguse mabega. Zikipimwa kwa kufuata mpindo wake, za beberu mkubwa hupita mita moja. Majike ni wadogo, rangi yao imepauka, na pembe zao nyembamba. Kwa sehemu kubwa ya mwaka hujitenga na mabeberu, wakiwa na watoto wao katika sehemu za mwamba ambazo hata mabeberu hawaendi.

Siri ya kutembea ukutani iko kwenye kwato. Ukingo wake ni mgumu na unauma mwamba, katikati pana nyama laini inayonata kama mpira wa kandambili mpya, na vidole viwili hupanuka kila kimoja upande wake. Kitoto cha walia huweza kumfuata mama yake gengeni kikiwa bado hakijajua kula nyasi. Chui anaweza kumwinda uwandani, fisi anaweza kumvizia usiku, lakini walia akishaingia gengeni wote wawili hurudi na njaa.

Risasi haina kwato wala haihitaji. Genge lililomlinda walia dhidi ya chui kwa maelfu ya miaka lilimfanya awe shabaha nzuri kwa mtu mwenye bunduki aliyesimama upande wa pili wa korongo. Beberu anapohisi hatari hasimami kupigana wala hakimbii mbali. Huingia mwambani, husimama juu ya kijiukingo, na hutazama.

Miaka ya uvamizi wa Italia, 1935 hadi 1941, bunduki zilijaa milimani, za askari na za wapiganaji waliowapinga, na zilipokwisha kazi ya vita zikapata kazi ya nyama. Ngozi ilitumika, nyama ililiwa, pembe zilifanywa vikombe vya kunywea. Kilichowaua walia kwa muda mrefu zaidi, hata hivyo, kilikuwa jembe. Watu waliongezeka, mashamba ya shayiri yakapanda miteremko ambayo mtu wa nchi tambarare angeogopa hata kuipita kwa miguu, misitu ya erika ikakatwa kuni, na ng'ombe na mbuzi wa kufugwa wakafika mpaka ukingoni mwa genge. Walia hakufukuzwa kwa siku moja. Kila mwaka alipokonywa kishubaka kimoja.

Hapa Kenya inaingia katika hadithi. Miongoni mwa watu waliokwenda Simien mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuangalia hali ya walia alikuwa Leslie Brown, mtaalamu wa kilimo wa serikali ya Kenya ya kikoloni na bingwa wa ndege, hasa tai. Safari zake za Ethiopia alizisimulia katika kitabu chake Ethiopian Episode, kilichotoka mwaka 1965. Makadirio ya muongo huo yaliwaweka walia waliobaki kwenye kama 150. Ni idadi ya wanafunzi wa madarasa matatu ya shule ya msingi, na hao ndio waliokuwa walia wote duniani.

Ndipo serikali ya Mfalme Haile Selassie ikaamua kutenga hifadhi. Mkuu wake wa kwanza alikuwa kijana kutoka Wales, C. W. Nicol, aliyefanya kazi huko kuanzia 1967 hadi 1969, akapambana na majangili, wakata miti, na makarani wa Addis Ababa, kisha akaondoka na kuandika kitabu kuhusu paa la Afrika. (Baadaye alihamia Japani, akawa mwandishi mashuhuri na mtetezi wa misitu huko.) Mwaka 1969 hifadhi ikatangazwa rasmi katika gazeti la serikali. Mwaka 1978, UNESCO ilipoorodhesha maeneo 12 ya kwanza kabisa ya Urithi wa Dunia, Simien ilikuwamo, sambamba na Yellowstone, Galápagos na kisiwa cha Gorée. Ngorongoro ilisubiri mwaka mmoja zaidi.

Heshima hiyo ilikuja wakati mbaya. Mfalme alikuwa amekwishapinduliwa, serikali ya kijeshi iliyoitwa Dergi ilikuwa madarakani, na Dergi ilikuwa na njia moja tu ya kutatua matatizo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vijiji vya miteremko ya kaskazini ya hifadhi vilihamishwa kwa nguvu. Watu hawakusahau. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoenea miaka ya 1980, Simien ikawa uwanja wa mapigano, kambi za hifadhi zikaharibiwa, askari wa wanyamapori wakatawanyika, na waliohamishwa wakarudi mashambani kwao. Kiongozi wa Dergi, Mengistu, alikimbia nchi Mei 1991. Wahesabuji waliporudi milimani walikuta walia mia mbili na kitu. Mwaka 1996 Simien ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini, na shirika la uhifadhi la IUCN likamweka walia katika daraja la walio hatarini zaidi kutoweka.

Kilichofuata kinastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu ndipo penye ubishi.

UNESCO iliweka masharti ya Simien kutoka kwenye orodha hiyo: mipaka ipanuliwe, mifugo ipungue, barabara kuu itafutiwe njia nje ya hifadhi, watu waliomo wapungue. Ethiopia ilikubali. Hifadhi iliyoanza na kilomita za mraba 136 ilipanuliwa hadi 412, ikafika vilele vya Silki na Ras Dejen. Lakini katikati ya hifadhi, juu ya uwanda wenyewe, palikuwa na kijiji cha Gich. Wakazi wake, Waislamu katika nchi ya milimani yenye makanisa mengi, walilima shayiri na kufuga kondoo, ng'ombe, mbuzi na farasi. Walikuwepo kabla ya hifadhi, kabla ya UNESCO, na kwa hesabu ya wazee wao, kabla ya mtu yeyote mwenye karatasi. Mwaka 2016 walihamishwa wote: kaya 418, watu 2,508. Walipewa fidia na viwanja pembezoni mwa Debark.

Msikilizaji wa Tanzania hahitaji kufafanuliwa sana. Tangu mwaka 2022 amesikia habari za wakazi wa Ngorongoro wanaohamia Msomera, wilayani Handeni, na hoja za pande zote mbili anazijua kwa moyo. Gich ilikuwa hivyohivyo. Upande mmoja ulisema shule, zahanati na umeme viko mjini, na juu kule mtoto mgonjwa hubebwa kwa saa nyingi. Upande wa pili ulisema fedha za fidia huliwa mara moja, shamba huliwa kila mwaka. Mtu aliyekuwa akivuna shayiri yake mwenyewe sasa anainunua dukani, na ujuzi wake wa kusoma mawingu na kutibu kwato za kondoo hauna bei Debark. Watafiti waliozungumza na waliohamishwa walisikia yote mawili, wakati mwingine kutoka mdomo mmoja.

Je, walia alinufaika? Nyasi zilinufaika, hilo halina shaka. Uwanda wa Gich uliokuwa umelishwa mpaka udongo kuonekana ulianza kufunikwa na nyasi. Lakini idadi ya walia ilikuwa imeanza kupanda miaka mingi kabla Gich haijahamishwa. Mwaka 2004 walikwishafika kama 500, na mwaka 2015 walipita 800, wakati watu wa Gich wakiwa bado nyumbani kwao. Kilichowapandisha kwanza kilikuwa amani, doria, na fedha za watalii.

Fedha hizo hazikuwa nyingi kwa viwango vya Serengeti, lakini zilisambaa vizuri. Kanuni ya Simien ni kwamba mgeni haingii peke yake. Lazima achukue mlinzi mwenye bunduki, mara nyingi mzee wa kijiji aliyevaa shuka zito na viatu vya plastiki, na wengi huchukua pia mwongozaji, mpishi, na mtu wa baghala wa kubeba mizigo. Kwa hiyo mtalii mmoja wa siku nne alilisha nyumba kadhaa. Mtu ambaye baba yake alimla walia alianza kulipwa ili wageni wamwone akiwa hai, na hakuhitaji semina ya kumweleza tofauti. Tai na nyani gelada, wale wenye kifua chekundu wanaokula nyasi kama kondoo, walikuja kama nyongeza.

Ethiopia hiyohiyo ina mfano mwingine wa kuishi na mlima. Huko Menz, kaskazini mwa Addis Ababa, wenyeji wa Guassa wamelinda uwanda wao wa nyasi kwa sheria zao wenyewe tangu karne ya 17. Walikuwa na viongozi wao wa kimila, na eneo likifungwa lilifungwa, hata miaka kadhaa mfululizo, hakuna kuchunga, hakuna kukata nyasi za kuezekea, mpaka wazee waseme limefunguliwa. Dergi ilivunja utaratibu huo ilipotaifisha ardhi mwaka 1975, lakini wananchi wakaujenga upya kwa sura nyingine. Leo Guassa bado ina mbwamwitu wa Ethiopia na gelada, na hakuna aliyehamishwa kwa lori. Haiwezi kusemwa kwamba Simien ingefanana nayo, maana Simien ina watu wengi zaidi na miteremko mibaya zaidi. Lakini wale wanaosema hifadhi haiwezekani bila kufukuza watu wangepaswa kwanza kupita Menz.

Julai 2017, katika mkutano wa Kraków, Poland, Simien iliondolewa kwenye orodha ya hatari. Miaka 21 ya kazi. Machi na Aprili 2019 moto mkubwa ulizuka hifadhini, wanakijiji wakaupiga kwa matawi kwa siku nyingi, helikopta ikaja kutoka Kenya na wazimamoto kutoka Israeli, ukazimwa. Mwaka 2020 IUCN ilimpandisha walia daraja, kutoka walio hatarini kutoweka hadi wale ambao hali yao ni tete tu. Kwa watu wa uhifadhi, hiyo ni sawa na mgonjwa kutolewa chumba cha wagonjwa mahututi.

Novemba mwaka huohuo vita vya Tigray vikaanza.

Simien inapakana na mkoa wa Tigray. Mwaka 2021 mapigano yalisogea mpaka jirani ya Debark. Korona ilikuwa imekwishafukuza watalii, vita vikafunga mlango kabisa. Waongozaji walikaa nyumbani, wapishi wakakaa nyumbani, baghala wakauzwa. Doria zilisimama katika sehemu kubwa ya milima, huku watu wenye silaha na njaa wakipita humohumo. Makubaliano ya Pretoria ya Novemba 2022 yalimaliza vita hivyo, lakini mwaka uliofuata mapigano mengine yakalipuka ndani ya Amhara kwenyewe, kati ya jeshi la serikali na wanamgambo wa Fano. Waswahili husema wapiganapo fahali wawili nyasi huumia. Simien nyasi zilipona, aliyeumia ni mla nyasi. Hesabu ya mwaka 2024 ilikuta walia kama 300.

Kutoka zaidi ya 800 hadi 300 ndani ya miaka tisa! Na kufikia mwisho wa miaka hiyo tisa hifadhi ilikuwa imepanuliwa, kijiji kimehamishwa, Simien imetolewa kwenye orodha ya hatari, yaani mengi yaliyotakiwa kwenye karatasi yalikuwa yametimizwa. Kama kuwaondoa watu ndiyo ilikuwa dawa, mgonjwa asingerudi wodini haraka hivi. Aliyekosekana ni askari wa wanyamapori aliyelipwa mshahara kwa wakati na mwanakijiji mwenye sababu ya kumripoti jangili.

Kuna hatari nyingine isiyosubiri vita. Walia ana kundi moja. Hakuna kundi la akiba katika mlima mwingine, wala kundi la kuzalishwa katika bustani za wanyama. Mbuzi wa kufugwa wanachunga jirani naye, na kwa kuwa ni wa ukoo mmoja, wanaweza kumwambukiza maradhi, hata kuzaa naye. Ugonjwa mmoja mkali wa mifugo ukipanda gengeni, hakuna pa kuanzia upya.

Wazungu walijifunza somo hili kwa njia mbili, moja ya aibu na moja ya majonzi. Mbuzi pori wa Alps alikaribia kumalizwa: mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa kama 100 tu, wote katika milima ya Gran Paradiso, kaskazini mwa Italia. Watu waliwaua kwa kuamini kwamba damu, pembe na hata kimfupa cha moyo ni dawa. Mwaka 1856 Mfalme Vittorio Emanuele II alilifanya eneo hilo kuwa uwanja wake binafsi wa kuwinda. Hakuwa mpenda mazingira, alitaka mabeberu wake mwenyewe, lakini aliajiri walinzi, tena baadhi yao majangili wa zamani, na mbuzi wakaongezeka. Waswisi, ambao wao walikuwa wamemaliza wa kwao, waliomba kununua. Mfalme wa Italia akakataa. Basi mwaka 1906 vitoto vya mbuzi vilivyoibwa Gran Paradiso vilivushwa mpaka usiku na kupelekwa bustani ya Peter und Paul, mjini St. Gallen. Vikazaa. Mwaka 1911 wa kwanza waliachiwa milimani. Leo milima ya Alps ina mbuzi pori wapatao 50,000, kuanzia Ufaransa hadi Slovenia, na asili yao wote ni lile kundi moja la mfalme. Serikali ya Uswisi ilijenga fahari yake ya wanyamapori juu ya magendo.

Lakini mbuzi hao wamelipa gharama. Wanyama waliotokana na wazazi wachache hawana urithi mpana wa damu, na uhaba huo haurudishwi kwa kuongeza idadi.

Hadithi ya majonzi ni ya milima ya Pyrenees, upande wa Hispania. Huko palikuwa na bucardo, aina ya mbuzi pori waliowindwa hadi wakabaki wachache katika bonde la Ordesa. Mipango ilifanywa, ikaahirishwa, ikafanywa tena. Mwisho akabaki jike mmoja, akaitwa Celia. Mwaka 1999 wanasayansi walichukua vipande vya ngozi yake. Tarehe 6 Januari 2000 alikutwa amekufa, ameangukiwa na mti. Mwaka 2003 chembe zake zilitumika kutengeneza pacha wake katika maabara. Mtoto alizaliwa hai kutoka tumbo la mbuzi mwingine, akapumua dakika chache, akafa kwa kasoro ya mapafu. Ni spishi ndogo pekee inayosemwa kwamba imetoweka mara mbili.

Karibu zaidi na wasikilizaji walioko Maskati na Nizwa, kuna mnyama wa hali kama ya walia: tahri wa Arabuni, jamaa wa mbuzi anayepatikana katika milima ya Hajar tu, Omani na Falme za Kiarabu. Miaka ya 1970 Omani ilitenga Wadi Sareen kwa ajili yake, na walinzi walichukuliwa kutoka makabila ya mabonde yaleyale, watu waliojua kila kisima na kila njia ya mbuzi. Bado yuko hatarini, lakini yupo.

Sasa turudi Simien. Serikali ya Ethiopia imekuwa ikijaribu kurudisha doria, na watu wa Debark wanasubiri wageni kama mkulima anavyosubiri masika. Hayo ni ya lazima na yasicheleweshwe. Lakini mbuzi 300 katika mlima mmoja unaopakana na vita si hifadhi ya kutegemea. Ethiopia ina milima mingine mirefu yenye magenge na nyasi, na wataalamu wake wenyewe, wakiwemo wa vyuo vikuu vya Gondar na Addis Ababa, wanaijua kuliko mtu yeyote. Kundi la pili, hata la walia 20, lingehitaji helikopta, madaktari wa mifugo, uwanja wenye uzio, na zaidi ya yote wanakijiji walioulizwa kabla na kulipwa kila mwezi baada ya hapo. Kosa la kuwafanyia watu wa mlima mpya yale waliyofanyiwa watu wa Gich lingeua mpango kabla mbuzi wa kwanza hajashuka.

Kazi hii inahitaji fedha, na Ethiopia ya leo ina madai mengi mbele ya mbuzi. Ndiyo maana si ya Ethiopia peke yake. Helikopta ilitoka Kenya moto ulipowaka mwaka 2019. Tanzania ina watu waliowahi kusafirisha faru kwa ndege na kuwarudisha Serengeti, na Chuo cha Mweka kimefundisha askari wa wanyamapori wa bara zima tangu mwaka 1963. Nchi hizi zina ujuzi ambao Simien inauhitaji, tena kwa bei ndogo kuliko ya mtaalamu wa kutoka Ulaya. Uamuzi wa kundi la pili ufanywe sasa, walia wakiwa 300. Wahispania waliporukia kazi, bucardo alikuwa mmoja.